Nusu ya Uniti ya Jua: Dhuluma au Haki?

Miongoni mwa mijadala inayozuka siku hizi katika majilisi ya walimu, hasa katika shule zilizokwisha kutandaza paneli za sola juu ya mabati yake, upo mmoja ambao umenishughulisha mno. Nao ni huu: mtu akizalisha umeme kwa jua la Mungu, akautumia kadiri ya haja yake, kisha ziada akaipeleka katika gridi ya taifa, kwa nini arudishiwe nusu tu ya kile alichokitoa? Wapo wanaoliita jambo hili unyang'anyi ulioandikwa kwa wino wa serikali. Wapo nao wanaosema kwamba hata hiyo nusu ni hisani. Mimi naonelea kwamba pande zote mbili zimeacha kiini zikashika pembeni, na ndiyo sababu nimeamua kulijadili suala hili leo.

Kwanza, tuitazame sheria yenyewe. Kwa miaka mingi, mwenye nyumba aliyeweka sola nchini Kenya hakuwa na pa kuipeleka ziada yake. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2008 serikali ilikuwa na sera ya kuwahakikishia wazalishaji wa kawi safi bei maalumu, lakini sera ile ilikuwa ya wenye miradi na mikataba mikubwa. Chuo Kikuu cha Strathmore, kwa mfano, kiliweka juu ya mapaa yake paneli za kilowati 600 mwaka wa 2014, na baadaye kikatia saini mkataba wa kuiuzia Kenya Power ziada yake. Mwalimu mwenye paneli sita juu ya nyumba yake Kakamega hakuwa na mlango wa kubisha.

Mlango huo ulifunguliwa na Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019. Kifungu cha 162 cha sheria hiyo kinamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuomba mkataba wa kupimiwa umeme kwa pande mbili, yaani ule anaouchukua na ule anaoutoa. Hata hivyo sheria bila kanuni ni kama jembe bila mpini, na wananchi walingoja hadi mwaka wa 2024 kanuni zenyewe zilipochapishwa. Humo ndimo ilimowekwa ile nusu inayolalamikiwa. Kwa kila uniti mteja anayoipeleka katika gridi, huandikiwa nusu ya uniti katika hesabu yake, nayo hupunguza kile anachodaiwa. Hapewi pesa taslimu mkononi. Kwa hiyo neno "kuuza", ambalo wengi tunalitumia, si neno sahihi kabisa. Hii ni biashara ya mali kwa mali.

Utendaji wake si mgumu kuuelewa. Paneli huzalisha umeme wa mkondo mnyoofu, nao mtambo uitwao inveta huugeuza ukawa mkondo geu kama ule unaopita katika nyaya za barabarani. Vyombo vya nyumbani hutangulia kunywa. Kikibaki kitu, umeme huo hutoka nje kupitia mita, ukaenda kutumiwa na jirani wa karibu. Jua likitua, mkondo hugeuka na mwenye nyumba huanza kuchota kutoka gridi. Mita huandika kutoka na kuingia, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tuyasikilize malalamiko, na tuyasikilize kwa haki. Mlalamishi husema hivi: "Uniti yangu ikitoka saa sita mchana, haiendi mbali. Jirani yangu huitumia kupigia nguo pasi, naye huilipia kampuni ya umeme bei kamili. Kampuni haikuchimba kisima cha mvuke wala haikujenga bwawa ili kuipata. Mimi ndiye niliyekopa katika chama cha akiba na mikopo nikanunua paneli. Iweje basi nipate nusu, na aliyepitisha tu mali yangu katika nyaya zake apate nusu?" Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajaielewa. Lakini haijakamilika.

Jambo la kwanza lililoachwa nje ni wakati. Umeme si kama mahindi yanayowekwa ghalani yakangoja mnunuzi. Gridi haina gunia. Kila uniti inayozalishwa sharti itumiwe papo hapo, na kila inayotumiwa sharti izalishwe papo hapo. Nchini Kenya mahitaji hufikia kilele chake jioni, baada ya magharibi, wakati taa zinawashwa, runinga zinazungumza na wanafunzi wa bweni wako darasani kwa masomo ya jioni. Wakati huo paneli zote za nchi, za nyumbani na zile za kituo kikubwa cha Garissa kilichozinduliwa mwaka wa 2019, zimelala. Umeme wa jioni hutoka kwa mvuke wa Olkaria, kwa mabwawa ya mto Tana, kwa upepo wa Turkana ukikubali kuvuma, na vyote hivyo vikipungukiwa, kwa mitambo ya mafuta ghali. Uniti ya saa sita mchana na uniti ya saa mbili usiku zina jina moja, lakini si bidhaa moja.

Mkulima wa Trans Nzoia analijua jambo hili bila kufundishwa. Gunia la mahindi la Novemba, wakati kila boma limevuna, halilingani kwa bei na gunia la Juni, wakati ghala zimebaki vumbi. Anayeuza Novemba hawezi kumrudia mnunuzi mwezi wa Juni akadai apewe gunia lingine kwa lile alilotoa. Ataulizwa: je, ghala, dawa ya fukusi na usafiri vililipiwa na nani? Basi mwenye sola anayetaka uniti ya usiku kwa uniti ya mchana, moja kwa moja, anadai gunia la Juni kwa gunia la Novemba.

Jambo la pili ni nyaya. Kwa mwenye nyumba wa kawaida, gharama ya nguzo, transfoma, nyaya na mafundi wanaoitwa usiku wa mvua haitozwi kando. Imefichwa ndani ya bei ya kila uniti anayonunua. Anayenunua uniti nyingi huchangia nyaya zaidi, na anayenunua chache huchangia kidogo. Sasa chukua mtu mwenye uwezo, anayeishi katika jumba kubwa, ambaye ameweka paneli za kutosha hata hesabu yake mwisho wa mwezi ikawa sufuri. Ikiwa kila uniti yake imehesabiwa moja kwa moja, mtu huyu ametumia nyaya mchana na usiku, akitoa na akichukua, na hakuchangia hata senti. Nguzo haziachi kuoza kwa sababu yeye ana sola. Ni nani atakayelipa sehemu yake? Ni yule mama wa soko la samaki Kisumu anayenunua tokeni za Sh50 kwa simu, asiye na paa lake mwenyewe la kuwekea paneli kwa kuwa amepanga chumba kimoja. Huo ndio unyonge ambao watetezi wa uniti kwa uniti hawautaji.

Wahenga walinena kwamba Mgala muue na haki umpe. Mimi si wakili wa kampuni ya umeme, na yapo mengi ambayo mwananchi ana haki ya kuilaumu kwayo. Lakini katika jambo hili la kutolipa uniti kwa uniti, naiona hoja yake.

Walimwengu waliotutangulia wamekwisha kuipita njia hii, na nyayo zao zinaonekana. Ujerumani ilipitisha sheria ya kuyalazimisha mashirika ya umeme kununua kawi safi mwaka wa 1990. Mwaka wa 2000 ikaenda mbali zaidi kwa kumwahidi mwenye paneli bei maalumu kwa miaka 20. Mapaa ya vijijini yaliwaka vioo. Viwanda vya paneli vilipata soko, bei ya paneli ikashuka duniani kote, na hata sisi tunaozinunua leo mjini Nairobi tunakula matunda ya mti uliomwagiliwa maji na Mjerumani. Lakini maji hayo yalilipiwa na nani? Hadi katikati ya mwaka wa 2022, tozo maalumu ilikuwa ikiongezwa katika bili za wateja, wenye paneli na wasio nazo, huku viwanda vikubwa vinavyotumia umeme mwingi vikipunguziwa mzigo. Na siku hizi jua la adhuhuri ni jingi mno nchini humo, hata mwaka wa 2025 ilipitishwa sheria kwamba mitambo mipya isilipwe chochote katika saa ambazo bei ya umeme sokoni imeshuka chini ya sufuri.

California nayo, katika nchi ya Marekani, iliruhusu hesabu ya uniti kwa uniti kwa sheria ya mwaka wa 1995. Kwa miongo kadhaa watu walijiunga kwa wingi. Kisha ubishi ukazuka, ule ule wa nani analipia nyaya, na kuanzia Aprili 2023 wanaojiunga upya walipunguziwa thamani ya umeme wanaoutoa kwa takriban robo tatu. Waliokuwa wameanza biashara ya kufunga paneli waliona wateja wakitoweka, na wenye nyumba wakaanza kununua betri ili waitumie wenyewe ziada yao usiku. Funzo ni kwamba ukarimu usiopimwa mwanzoni huzaa mkato mkali mwishoni. Afadhali nusu inayodumu kuliko uniti nzima itakayonyang'anywa baada ya miaka michache, kwa sababu ahadi ni deni, na aliyekopa kwa ajili ya paneli hulipa mkopo wake kwa kuitegemea ahadi hiyo.

Je, nasema basi kwamba kila kitu ki shwari na walalamishi wanyamaze? La, hasha. Dhuluma ipo, ila haipo pale wanapoitafuta. Nathubutu kusema kwamba anayeumia zaidi kwa mpango huu si tajiri wa jumba kubwa, bali ni shule. Nitaeleza kwa hesabu, na ninawaomba wanafunzi washike kalamu.

Tuchukue shule ya sekondari ya bweni yenye paneli za kilowati 20. Katika sehemu nyingi za nchi hii, kila kilowati ya paneli hutoa takriban uniti 4 kwa siku, kwa hiyo shule hiyo itapata uniti 80 kwa siku. Tuseme muhula unapoendelea, shule hutumia mchana uniti 75 kwa pampu ya maji, kompyuta, maabara, ofisi na jikoni. Hapo ziada ni uniti 5 tu, na ubishi wa nusu hauna maana kubwa. Tuseme tena kwamba kila uniti hununuliwa kwa Sh25, ili hesabu iwe rahisi. Kila siku ya muhula shule imeepuka kulipa Sh1,875, na kwa muhula wa siku 90 imeokoa Sh168,750.

Sasa likizo imefika. Wanafunzi wamekwenda makwao na shule imebaki na bawabu, jokofu la maabara na taa chache. Matumizi ya mchana ni uniti 15. Jua halina likizo, kwa hiyo kila siku uniti 65 zinatoka nje. Kwa siku 40, shule imetoa uniti 2,600 na kuandikiwa uniti 1,300. Muhula ukifunguliwa, ikiwa shule huchota uniti 65 kila usiku, salio lile litaisha kwa siku 20. Thamani yake ni Sh32,500.

Hesabu hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba faida kubwa ya sola imo katika kuitumia, si katika kuitoa. Sh168,750 zilizookolewa zinazidi kwa mbali Sh32,500 zilizoandikwa. Hata kama ile nusu ingegeuzwa kuwa uniti nzima, likizo ingeleta Sh65,000, nazo pia zingeachwa nyuma na muhula mmoja wa matumizi ya mchana. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayeshawishiwa na muuzaji wa paneli kwamba aweke mtambo mara mbili ya haja yake "ili auzie serikali" na achunge sana. Mwamba ngoma huvutia kwake.

La pili ndilo linaloniuma. Shule haikuchagua kuwa na likizo. Mwenye nyumba anaweza kubadili mazoea yake akafua nguo mchana, lakini shule haiwezi kuwaambia wanafunzi wasiende nyumbani ili wakatumie umeme. Ziada yake haitokani na tamaa ya kujenga mtambo mkubwa kupita kiasi. Inatokana na kalenda ya Wizara ya Elimu yenyewe. Isitoshe, shule ya umma si tajiri anayekwepa kulipia nyaya. Bili yake hulipwa kwa karo ya wazazi na fedha za serikali, na kila shilingi inayookolewa ni kitabu, ni dawa ya maabara, ni maharagwe.

Kwa mintarafu hiyo, nina mapendekezo matatu. Mosi, salio la shule lisiwe na siku ya kufa. Salio linalofutwa ati kwa kuwa kalenda imegeuka ukurasa si salio, bali ni zawadi kwa kampuni. Tumezoea kusema kwamba akiba haiozi, na akiba ya jua isiwe ya kwanza kuoza. Kila bodi ya shule inayokusudia kutia saini isome kwa makini kifungu kinachoeleza salio linaishi hadi lini, na kama tarehe hiyo inafuata likizo au inaitangulia.

Pili, shule ya umma iruhusiwe kuipa taasisi nyingine ya umma salio inaloshindwa kulitumia. Sekondari ya bweni inapofungwa, zahanati ya jirani haifungwi. Friji ya chanjo haijui likizo. Umeme wenyewe kwa hakika huenda huko kwa njia ya nyaya, kilichobaki ni kalamu ya mhasibu kuufuata.

Tatu, ile nusu isichukuliwe kama amri iliyoshuka mlimani. Nimekubali kwamba si haki kulipa uniti kwa uniti. Sikukubali kwamba nusu ndicho kipimo sahihi kwa kila mahali na kila wakati. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iweke wazi kwa wananchi hesabu ya gharama ya nyaya na ya umeme wa mchana, na kipimo kipitiwe upya kwa nyakati zinazojulikana, pande zote zikisikizwa. Mwananchi huvumilia mzigo alioonyeshwa uzito wake.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme kwa kuwa limewavunja moyo wengi. Watu hudhani kwamba aliyeunganisha sola yake na gridi ameagana na giza. Sivyo. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru akaangukia transfoma, na nchi nzima ikazama gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika. Mwezi wa Agosti 2023 nchi ikatiwa giza tena kwa saa nyingi. Katika siku kama hizo, inveta ya kawaida iliyounganishwa na gridi hujizima yenyewe hata kama jua ni kali, na imetengenezwa kufanya hivyo kwa makusudi. Kama ingeendelea kusukuma umeme katika nyaya zinazodhaniwa zimekufa, fundi aliye juu ya nguzo angepoteza maisha. Anayetaka mwanga wakati gridi imelala sharti awe na betri na inveta inayoweza kujitenga na nyaya za nje. Hiyo ni gharama nyingine, nayo iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Kwa walimu wakuu na bodi zao, nasaha yangu ni fupi. Kabla ya kununua paneli hata moja, pimeni matumizi yenu ya mchana kwa muhula mzima. Hamisheni hadi mchana kila kazi inayohamika: pampu ijaze matangi saa tano, kinu kisage mahindi adhuhuri, kompyuta zichajiwe kabla ya jua kutua. Tangi la maji lililojaa ni betri isiyouzwa dukani. Kisha wekeni mtambo unaolingana na haja hiyo, na ile ziada ya likizo ihesabiwe kuwa kitoweo, isiwe ndiyo ugali.

Kwa wanafunzi, nawaomba mlione suala hili kuwa somo lililo hai. Mwalimu wa fizikia ana mkondo mnyoofu na mkondo geu juu ya paa lake. Mwalimu wa hisabati ana mita ya kusomwa kila asubuhi na grafu ya kuchorwa. Mwalimu wa somo la biashara ana swali la bei ya mchana na bei ya usiku. Na mwalimu wa Kiswahili ana mada ya mdahalo: je, nusu ya uniti ni dhuluma au ni haki? Wanaojadili leo ndio watakaoketi kesho katika meza zinakoandikwa kanuni.

Rai yangu nimeitoa. Anayedai uniti nzima anamtwika mama wa tokeni za Sh50 mzigo usio wake, na anayeifuta akiba ya shule anamnyang'anya mtoto kitabu. Kanuni iliyo bora ni ile itakayowakumbuka wote wawili. Zile za mwaka wa 2024 zimeianza njia. Kazi iliyobaki ni kuzirekebisha mapema, kabla wenye kukata tamaa hawajazishusha paneli zao na kurudi kwenye jenereta za dizeli.